Maneno ya Chini ya Shangazi

Mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo pekee iliyofuatwa na kila mtu: maneno yaliyosemwa chini ya Shangazi hayahesabiwi.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa king'ora, kikubwa kama pipa la maji, kilichopakwa rangi ya njano na kusimikwa juu ya nguzo kwenye paa la kituo cha zimamoto, mkabala na duka langu la ushonaji. Tumboni mwake mlikuwa na mota ya umeme, na mota ilizungusha gurudumu la chuma lenye mapanga. Gurudumu likishika kasi, hewa inavutwa ndani na kukatwakatwa kwenye matundu, na kule kukatwakatwa ndiko sauti yenyewe. Hakuna spika wala kanda. Ni hewa tu iliyokasirishwa. Kiwanda kilichomtengeneza kilikuwa kimetoa ving'ora vya umbo lilelile tangu babu zetu hawajaota ndevu, na vipuri vya juzi viliingia kwenye king'ora cha zamani bila kulazimishwa.

Jina alipewa kwa tabia. Kwanza, hakuanza ghafla. Aliguna, akapanda kidogo kidogo, mpaka akajaa mtaa mzima na vioo vya madirisha vikatetemeka. Pili, na hili ndilo lililompatia jina, hakujua kuaga. Umeme ukishazimwa, gurudumu lilikuwa bado na mbio zake, kwa hiyo sauti ilishuka taratibu, ikalalamika, ikashuka tena, kama shangazi wa kweli aliyeshika kitasa cha mlango huku habari hazijamwishia.

Kazi yake ilikuwa kutuonya: mto ukifurika, moto ukiwaka, gesi ya kiwanda cha mbolea ikivuja. Siku ya hatari alilia kwa kupanda na kushuka, na siku hiyo hakuna mzaha, inayosema ni miguu. Lakini kila Jumamosi saa sita mchana alijaribiwa, mlio mmoja ulionyooka, na hapo ndipo mtaa ulipopumua.

Sijui nani aliyeanza. Nadhani ni mtu aliyekuwa katikati ya ugomvi Shangazi akamfunika, akaona raha ya kuendelea kutukana bila kusikika. Ikawa desturi. Neno likikukaa kooni wiki nzima, unalitunza mpaka Jumamosi, unamwendea mwenyewe, unamsimamia usoni, unalimwaga lote. Yeye naye anamwaga lake. Kinyozi alivisema vichwa vya wateja wake huku wembe ukiwa juu ya vichwa hivyohivyo. Seremala na mwenye bucha walisimama kifua kwa kifua wakaitana majina ambayo hata mbuzi pale buchani hawakustahili kuyasikia. Shangazi akianza kushuka, na wao wakashuka. Akifika kwenye kuguna, kila mtu ameshakunjua uso. "Za kwako, jirani?" "Njema, sijui wewe." Watu walipendana sana mtaani kwetu, na siri yake ndiyo hiyo.

Nami sijifanyi malaika. Nina mteja mmoja, mke wa mwenyekiti wa mtaa, ambaye huniletea kitambaa pungufu na kutaka gauni la vipimo vya siku ya harusi yake. Harusi yenyewe ni ya zamani sana. Jumatatu hadi Ijumaa humwambia, "Tutaangalia, mama, tutaangalia." Jumamosi humpangia aje saa sita kasoro. Ndiyo maana sijampoteza mpaka leo.

Sheria ile ilipata kesi mara moja tu. Mwenye bucha alidai kwamba seremala, chini ya Shangazi, alikiri mdomo wazi kuwa ndiye aliyemchinja jogoo wake. Seremala akasema si kweli, alikuwa anapiga miayo. Wakaenda kwa mjomba wangu, kwa kuwa ndiye aliyemtunza Shangazi.

"Alisema chini ya Shangazi?" Mjomba aliuliza.

"Ndiyo, nilimwona kwa macho yangu!"

"Halihesabiwi."

Kesi ikaisha. Na alipolisema Mjomba likawa sheria kweli, kwa sababu Mjomba hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Mtaa ulimwita Nukta. Wengine wakizungumza huweka mkato, huweka na mabano, wanazunguka mbuyu mpaka unasahau walikotoka. Yeye alianza na nukta.

Mjomba ni mdogo wake mama yangu, hajawahi kuoa, na aliishi kwenye chumba cha nyuma ya duka langu. Kila Jumamosi alipanda chumba cha juu cha kituo, akasimama dirishani, akavuta swichi. Kutoka pale aliuona mtaa wote na midomo yake yote ikichapa kazi, lakini wa kwake haukufunguka hata siku moja. Mtu pekee aliyekuwa karibu zaidi na Shangazi ndiye aliyekuwa hamtumii. Nilimuuliza sababu.

"Nikisema chini yake," alisema, "nitakuwa nimesema?"

Wakati mwingine alinishangaza. Jumamosi moja, tunakula, akaniambia bila kuinua macho, "Si vizuri kumwita mteja pipa." Nilisimamisha kijiko njiani. Nilikuwa nimemwita pipa, ni kweli, lakini chini ya Shangazi na mlango ukiwa nusu. Nikajiambia huyu ananijua tabia, amebahatisha tu.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu lilikuwapo duka la Mama Miwani. Alikuwa mjane, amemlea binti yake mmoja kwa kupima macho ya watu na kuwakazia skrubu za miwani, na mikono yake ilikuwa mizuri kuitazama ikifanya kazi. Mjomba alimpenda. Hakuniambia, lakini alinunua kwake miwani mitatu, na Mjomba anaona sisimizi upande wa pili wa uwanja wa mpira. Alipokuwa akipita mbele ya lile duka alitembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Yeye Mama Miwani sikujua kama anampenda Mjomba au vipi. Nilichojua ni kwamba kila Jumamosi Shangazi akipanda, alitoka kizingitini na kitambaa cha kufutia, akatazama juu kwenye dirisha la kituo, na midomo yake ikaenda mbio mwanzo mpaka mwisho. Mtaa mzima uliamini anamtukana Mjomba kwa ajili ya vioo vyake vinavyotetemeka kwenye rafu. Hata mimi niliamini. Nani asingetukana?

Mambo mawili yakaja pamoja, kama yalivyo mambo.

La kwanza, binti ya Mama Miwani alijifungua huko mji wa mbali anakoishi, akamwandikia mama yake aje, na asije kutembea, aje kukaa. Mama Miwani akaanza kufunga virago. Duka likapata mtu wa kulipanga. Safari ikawa Jumamosi mchana, kwa gari la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

La pili, Shangazi akastaafishwa. Walimleta mhandisi, binti mmoja mpole mwenye kofia ya plastiki, pamoja na king'ora kipya. Nacho kilikuwa masanduku ya kijivu yaliyopangwa kama makabati ya vyombo, hakina kinachozunguka ndani. Alhamisi winchi ikamshusha Shangazi. Mjomba aliomba wamsubiri, akapanda na tambara, akamfuta vumbi lote mpaka rangi ya njano ikarudi, ndipo akasema, "Haya." Walimweka uani, nyuma ya gari la maji. Niliona Mjomba amesimama pale akiwa ameweka kiganja juu yake, na roho ikaniuma. Wiki moja inamchukulia mtu kazi yake na mwanamke wake, hata kama mwanamke mwenyewe hajui kuwa ni wake.

Ijumaa asubuhi, kwenye mlango wa kituo, tukakuta karatasi yenye mwandiko wa Mjomba:

TANGAZO. JUMAMOSI SAA SITA MCHANA UTAKATIKA GHAFLA. MJIANDAE.

Tukajiandaa. Umeme ukikatika kwetu hauna adabu ya kurudi. Kinyozi alinyoa watu tangu alfajiri, mpaka wengine ambao hawakuwa wamekusudia. Mwenye bucha akanunua barafu. Mimi nilipiga pasi magauni yote, hata ya wiki ijayo, na dukani kwa muuza vitu mishumaa iliisha kabla ya saa nne. Mjomba alisimama kwenye mlango wa kituo akitutazama tukipita na mishumaa mikononi, na macho yake yakawa na majimaji. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alidhani tunamwombolezea Shangazi.

Jioni ile niliamua kumsema. Mimi si mtu wa kuvumilia kuona nguo imebakiza kifungo kimoja na hakuna anayekishona.

"Mjomba, kesho anaondoka."

"Nimesikia."

"Na wewe?"

"Mimi siondoki."

"Mjomba! Nakuuliza utafanya nini. Mwambie. Leo, sasa hivi, taa yake bado inawaka. Mficha uchi hazai."

Alizungusha kikombe cha chai juu ya meza. Nikaona anataka kusema jambo refu, na jambo refu lilikuwa linamtesa.

"Kuna neno nalisubiri," alisema mwishowe. "Kutoka kwake."

"Neno gani?"

"Lipo."

"Lipo wapi? Yule kila Jumamosi anakutukana mbele ya watu, wewe unasubiri neno?"

Akanitazama, na nusura acheke. "Hanitukani," alisema. Akaenda kulala.

Nilikata nyuzi kwa meno usiku ule kwa hasira. Nilijua ninachokitaka: kesho lile gari lisiondoke kabla mwanamume huyu hajafungua mdomo. Likiondoka, nitabaki na mzee wa miwani mitatu anayekula kimya mezani kwangu mpaka siku ya kufa kwake, nami nitamtazama kila siku. Nampenda sana Mjomba. Lakini kupenda mtu kimya kunachosha hata watazamaji.

Jumamosi ikafika. Gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la miwani tangu asubuhi, masanduku yamefungwa juu kwa kamba, shemeji mwenyewe yuko kwenye usukani anatafuna kijiti. Mama Miwani alisema ataondoka baada ya mlio. Amezoea, alisema, siku yake haikai sawa bila saa sita ya Jumamosi. Alikuwa kizingitini amevaa nguo za safari, na kitambaa cha kufutia bado anacho mkononi, ingawa hakukuwa tena na miwani ya kufuta.

Kule dirishani juu alisimama binti mhandisi na kitufe chake. Kwa hiyo Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa mtaani chini saa sita ya Jumamosi. Alisimama kando ya barabara kwa sare zake zilizopigwa pasi na mimi, mikono haina pa kukaa, ametazamana na Mama Miwani, katikati yao ni upana wa barabara tu.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nimemzungushia mke wa mwenyekiti futi ya kupimia kiunoni. Mishumaa ilikuwa tayari juu ya cherehani.

Kile king'ora kipya hakikuguna. Hakikupanda. Kiliingia chote kwa mara moja, kama mgeni anayefungua mlango wa chumba cha kulala bila hodi. Mbwa wa bucha alijificha chini ya meza. Sote tuliruka, kisha tukatazamana, na nadhani kila mtu alijiuliza kama huyu mpya naye anahesabika kuwa Shangazi. Lakini sauti ilitosha, mtaa ulikuwa umefunikwa, na kila mtu alikuwa na lake la wiki nzima. Nikaona kinyozi anamwinamia mteja wake. Nikaona seremala anavuka kumwendea mwenye bucha, amepanua mikono. Nami nikainua kichwa, nikatabasamu, nikamwanza mke wa mwenyekiti kuanzia kwenye pindo kwenda juu.

Mama Miwani naye alianza. Ila safari hii hakutazama dirishani. Alimtazama Mjomba moja kwa moja, kisha akafumba macho, ngumi imebana kitambaa, na midomo ikaenda kuliko Jumamosi zote. Mjomba hakuyatoa macho yake pale.

Sisi tulikuwa tunangoja kushuka. Sikio letu lilizoea: atashuka, nasi tutashuka. Ndiyo maana hakuna aliyejihadhari.

Ukakatika.

Papo hapo, kama uzi kwenye mkasi. Na kwenye ule ukimya, mtaa mzima ukaendelea kusema.

"...na kichwa kama kiazi kilichokosa mnunuzi!" alisema kinyozi, wembe hewani. Mteja wake alikuwa askari wa zamu.

"...jogoo nilimla mimi, na alikuwa mtamu!" alinguruma seremala usoni kwa mwenye bucha.

"...kiuno hicho unachokililia kilishastaafu!" Sauti hiyo nilikuwa naijua vizuri. Ilikuwa yangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilibaki nimeshika futi pande mbili na mke wa mwenyekiti yumo katikati. Hapo ndipo tangazo lilipoingia kichwani mwangu. Utakatika ghafla. Si umeme. Mlio! Mjomba alikuwa amemuuliza mhandisi yule mpya anashukaje, akajibiwa hashuki, akaona atuonye sote, na kwa uchoyo wake wa maneno akaacha neno moja tu, lile lililohitajika. Taa ya dukani kwangu ilikuwa inawaka kwa dharau.

Lakini hatukupata muda wa kuoneana aibu, kwa sababu mtu mmoja alikuwa hajamaliza. Alikuwa amefumba macho, hakujua kuwa tumenyamaza.

"...jiwe wee! Na leo naondoka!"

Mama Miwani akafumbua macho. Akaona mtaa mzima umemgeukia. Akashika mdomo kwa kitambaa.

Mimi roho ikaanguka. Basi ni kweli, nilijiambia, miaka yote hii ni matusi. Jiwe, na leo naondoka. Hilo ndilo neno alilolingoja Mjomba, na limetoka kwenye ukimya, mbele ya mashahidi, na kwa sheria yake mwenyewe linahesabiwa. Shemeji aliwasha gari, nadhani kwa huruma.

"Zima," alisema Mjomba.

Shemeji akazima.

Mjomba akashuka barabarani. Hatua moja, akasimama.

"Hujaanzia hapo," alimwambia Mama Miwani.

"Nimeanzia wapi?" Mama Miwani aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mbali."

"Wewe umejuaje nimeanzia wapi? Kulikuwa na mlio."

"Nasoma midomo," alisema Mjomba.

Nasema kweli, kuna ukimya na kuna ukimya. Ule wa kwanza ulikuwa wa aibu. Huu wa pili ulikuwa wa watu wanaokumbuka. Kinyozi alikaa kwenye kiti cha mteja. Mwenye bucha alihesabu kitu kwa vidole. Mimi nilikumbuka pipa. Mtu huyu alikuwa amesimama dirishani kila Jumamosi, miaka nenda rudi, na mtaa mzima ukamsomea moyo wake kama gazeti. Na ukiacha lile pipa langu, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia neno kutoka kwake.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Miwani.

"Tangu ulipokuwa na ile miwani ya fremu nyekundu."

"Fremu nyekundu!" Akavuka kizingiti. Sasa sauti ilikuwa imemrudia, tena na nyongeza. "Fremu nyekundu nilizivaa binti yangu akiwa bado shule! Miaka yote hiyo nakwambia, nakwambia, nasimama hapa kama mwendawazimu, nadhani nasema na ukuta, kumbe ukuta unasoma? Ukanyamaza? Ukaja kununua miwani?"

"Hayahesabiwi," alisema Mjomba.

"Nini?"

"Maneno ya chini ya Shangazi. Mimi ndiye niliyeamua, mbele ya hawa." Akaonyesha seremala na mwenye bucha, ambao walikuwa wameshikana mashati na wamesahau kuachiana. "Ningekugongeaje mlango kwa neno ambalo hukulisema? Nilikuwa nalisubiri ulitoe kwenye ukimya."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe!"

"Najua. Nalo ulilisema." Akafikiri. "Zaidi ya mara moja."

Mtu alicheka nyuma kule, akazomewa anyamaze. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani anaona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, lakini hawakusema kuna watu wawili wanaoweza kungojana kwa upana wa barabara mpaka mtoto akue, asome, aolewe na kuzaa.

Mjomba akavua kofia. Mimi naijua kofia ile, haivuliwi hata msibani.

"Leo umesema mengi," alianza, na nikamwona anahangaika, anatafuta njia ndani ya maneno kama mtu anayetafuta tundu la sindano gizani. "Yaliyotoka nje ni mawili tu. Jiwe. Na unaondoka. Kwa sheria, ndiyo yanayohesabiwa. Jiwe ni kweli. La pili silitaki. Yale ya mwanzo, ya chini ya mlio, siwezi kuyadai, si yangu. Basi nayasema mimi. Hakuna Shangazi, hakuna mlio, watu wote wanasikia. Nakupenda. Usiende moja kwa moja."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizopata kutoa, na kwenye paji la uso wake jasho lilikuwa linatiririka.

Mama Miwani alifungua mdomo ajibu.

"Samahani jamani!" aliita binti mhandisi kutoka juu, ambaye hakuwa ameelewa hata kitu kimoja. "Nabonyeza mara ya pili!"

Na akabonyeza.

Ile sauti ikaingia tena yote kwa pamoja. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo mtaa wetu haukuwahi kuliona. Mama Miwani alifunga mdomo. Akaubana kabisa, midomo yote miwili kwa ndani. Akainua kidole kimoja kumwonyesha Mjomba: ngoja. Nasi tukanyamaza. King'ora kinapiga kwa nguvu zake zote, hakuna anayeweza kusikia tusi wala siri, saa njema kuliko zote ya kusema unachotaka, na hakuna mdomo uliofunguka. Askari alikaa na nusu ya kichwa imenyolewa. Mke wa mwenyekiti, ndani ya futi yangu, alinishika mkono. Tulisubiri neno la kuhesabiwa.

Ukakatika.

Mama Miwani akashusha kidole. Akatazama gari, akatazama masanduku juu yake, akamtazama Mjomba kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye kile kichwa kisicho na kofia.

"Sasa mbona umesimama?" alisema, polepole, kila neno peke yake, ili pasiwe na kesi. "Panda uniteremshie masanduku. Lile dogo liache hukohuko juu, mjukuu lazima nikamwone. Halafu kalete na lako."

"Sawa," alisema Mjomba.